Kidevu, kwa mpangilio wangu

Twalibu, unaniuliza, simu mkononi,
picha zote za yule mzungu, ipi ya kwanza.
Jina lake la kweli hatukuliweza,
herufi ziligongana kama masufuria.
Tulimwita Kidevu, kwa lile bonde la kidevuni:
ungeweka punje ya mchele isianguke.

Nakwambia mapema, mwanzo siujui wa hata moja.
Nilikaa dirishani nikikata tiketi, shilingi na thumuni,
na mpaka nihesabu chenji, nifunge droo,
nimpelekee Bwana Premji ufunguo,
Kidevu ameshapigwa, ameshapenda, ameshaibiwa farasi.
Mianzo nilisimuliwa na babu yako, usiku, tukila.
Kondo ndiye aliyekuwa juu kwenye mashine,
akiitazama dunia kwa kitundu
cha ukubwa wa kisahani cha chai.

Ya mwisho kabisa ni ile aliyokuja Afrika.
Msitu una mnazi mmoja, wanauzunguka mara tano.
Simba amechanwa nywele.
Wapagazi wanaimba maneno
ambayo si Kizaramo, si Kinyamwezi, si kitu.
Mabenchi ya mbele walicheka
hata Bwana Premji akaja kuuliza kama ni vichekesho.
Kidevu mwenyewe alionekana ana haya. Nilimhurumia.

Juu yake kidogo weka ile ya uwakili. Maneno, maneno.
Nani alileta thumuni yake mjini kusikiliza kesi?
Ila kuna mahali anavua miwani,
anaifuta kwa tai, hasemi neno.
Kondo alinipigia kengele nipande nione pale tu.
Basi, ipandishe. Iipite ile ya padri.
Ile ya padri hakuna aliyeiamini.

Ya treni ni ya tatu. Babu yako angesema ya kwanza,
na tuliigombania treni ile miaka ishirini,
hata siku ya posa ya mama yako, mbele ya wakwe.
Anaruka behewa hadi behewa, alisema,
na kofia haidondoki!
Nikamwambia, Kondo, kofia ina gundi.
Hakunisemesha hadi Ijumaa.

Ya pili, ile ya mvua. Sina sababu.
Nilikuwa na mimba, bati la ukumbi linavuja,
matone yakiniangukia hapa begani
saa ileile yanamwangukia yeye kwenye pazia.

Sasa ya kwanza.
Onyesho la saa kumi, stelingi akafa.
Wewe unajua: stelingi hafi.
Anapigwa risasi ya bega, anafungwa leso, anaendelea.
Huyu alikufa, macho wazi, kwenye ngazi za benki,
na maandishi yakaanza kupanda.
Kimya. Kisha viti. Viti vinane, na chupa za soda,
na hamali mmoja wa sokoni, mtu wa miraba minne,
akaja dirishani kwangu analia, anadai thumuni yake.

Onyesho la saa mbili Kondo hakumwambia mtu.
Alifika pale Kidevu anaposhika kitasa cha mlango,
anageuka, anatazama nyuma mara moja,
akazima mashine. Akawasha taa za ukumbini.
Watu wakapiga makofi, wakaenda zao.
Wiki tatu hivyo.
Kariakoo yote, Ilala yote ikalala
ikijua yuko nje, anatembea.

Muhimbili, nesi aliniambia nitoke nikanywe chai.
Nilitoka. Niliporudi
taa zote zilikuwa zinawaka.

Unasema umeipata nzima humo kwenye simu,
na mwisho wake. Utazame wewe, una umri wa kutazama.
Mimi niwekee mwanzo.
Nasikia anashuka melini na sanduku moja.
Kondo alisema ni la kahawia,
nami siku zote nilihisi ananidanganya,
maana picha haikuwa na rangi.